Tufe la Watu Watatu

Nilikuwa katika sura ya nne ya riwaya yangu (ile ambayo marafiki wamechoka kusikia habari zake) nilipokwama. Mhusika wangu mkuu, binti wa Msambweni aliyesomea mambo ya bahari, yumo ndani ya nyambizi ndogo ya utafiti, mita elfu nne chini ya mawimbi. Nikaandika kwamba kuta za chuma kigumu zilimlinda. Nikampa mjombangu asome. Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana kibanda chake upande wa Likoni, na hana subira na maneno yasiyofanya kazi. Akausoma mstari ule mara mbili, akanitazama.

"Chuma gani? Kigumu kiasi gani? Na mshono wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nilirudi nyumbani na hasira, maana mwandishi chipukizi hapendi kuulizwa maswali na mtu aliyeshika nyundo. Lakini kumbe lilikuwa swali zuri kuliko riwaya yenyewe. Nimelifuata miezi kadhaa, katika vitabu na makaratasi ya kila aina, na haya ndiyo niliyoyapata. Ndugu msomaji, kama fizikia ilikutesa shuleni kama ilivyonitesa mimi, usiikimbie makala hii. Hesabu yake ni ya gengeni.

Tuanze na maji yenyewe. Kamusi inaiita kanieneo. Mimi nitasema mgandamizo, kwa sababu ndivyo tunavyosema gereji. Kila ukishuka mita kumi, bahari inakuongezea mzigo wa karibu kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako. Ukifika mita elfu nne, kila sentimita inabeba zaidi ya kilo mia nne. Chukua ukucha wa kidole gumba, weka juu yake magunia manne ya mahindi, halafu ongeza nusu gunia. Sasa fanya hivyo kwa kila ukucha unaoweza kutoshea juu ya chombo kizima. Na maji hayachoki. Hayakai upande mmoja kama adui wa kwenye sinema. Yanabana kutoka juu, chini, kushoto na kulia, kwa nguvu ile ile, wakati ule ule.

Ndiyo maana vyombo vya kwenda chini sana huwa tufe, mviringo kama mpira. Boksi lina kona, na kona ndipo mzigo unapojikusanya. Pipa lina tumbo, na tumbo hubonyea. Tufe halina mahali dhaifu pa kushikwa. Mzigo unagawanywa sawasawa kila upande, na ukuta mzima unajibana wenyewe. Lakini hapo pana masharti. Tufe likipinda kidogo tu, likawa na bonde dogo upande mmoja, bahari italiona bonde lile kabla ya mhandisi.

Wa kwanza kushuka kweli kweli walikuwa Wamarekani wawili, William Beebe, mtaalamu wa viumbe, na Otis Barton, mhandisi aliyebuni chombo na kukilipia. Hiyo ilikuwa 1930, katika visiwa vya Bermuda. Tufe lao la chuma cha kumimina lilining'inia kwenye kamba ya waya kama ndoo kisimani. Lile la kwanza walilotengeneza lilikuwa na uzito wa tani 5, na mashine ya kulishusha ingeshindwa. Likayeyushwa, likamiminwa upya, dogo zaidi, zaidi kidogo ya tani 2. Kumbuka jambo hilo, maana historia yote iliyofuata imo ndani yake: kabla bahari haijawapinga, uzito wao wenyewe uliwapinga.

Tarehe 15 Agosti 1934 walifika mita 923. Lakini kisa ninachokipenda ni cha 1932, walipolishusha tufe tupu kulijaribu kwa dirisha jipya. Lilirudi juu limejaa maji. Walipoanza kulegeza bolti za mlango, bolti moja ilichomoka kama risasi, ikavuka sitaha na kuacha alama kwenye chuma cha winchi. Maji ya kule chini yalikuwa yamejifungia mle ndani na mgandamizo wake wote. Beebe na Barton walisimama pale wakiwaza kama wangekuwa ndani. Baadaye wakaingia. Sijui niite ushujaa au ukaidi.

Aliyefuata ni Mswisi, Auguste Piccard, pamoja na mwanawe Jacques. Piccard aliachana na kamba. Alifikiri kama mtu wa baluni, kwa sababu kweli alikuwa mtu wa baluni: ning'iniza tufe chini ya boya kubwa lililojaa kitu chepesi kuliko maji. Kitu chenyewe kilikuwa petroli. Chombo chao, Trieste, kilikuwa na petroli lita 85,000 hivi, na chini yake tufe la chuma lililotengenezwa na Krupp wa Ujerumani, ukuta wake unene wa sentimita 12.7. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na mwanajeshi wa majini wa Marekani, Don Walsh, walilipeleka hadi chini kabisa ya dunia, Challenger Deep, karibu mita 10,900. Njiani, walipopita kama mita elfu tisa, walisikia mlio mkubwa chombo kikatikisika. Baadaye waliona kwamba kioo kimoja cha njia ya kuingilia kilikuwa kimepata ufa. Walikaa chini dakika ishirini tu, wakaanza kupanda.

Basi, swali lilikuwa limejibiwa, sivyo? Chuma kinene kinafika popote. La. Angalia bei yake. Tufe la watu wawili lilikuwa na uzito wa tani 13, nalo lilihitaji tangi la petroli kubwa kama lori zima la mafuta ili liweze kurudi. Trieste haikuweza kukata kona, haikuweza kukimbilia samaki, haikuweza kubebwa juu ya meli ikashushwa kesho na keshokutwa. Ilishuka, ikapanda. Ilikuwa lifti. Wanasayansi walitaka taksi.

Taksi hiyo ilianza kazi tarehe 5 Juni 1964 katika taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani. Jina lake Alvin, kutoka kwa Allyn Vine, mtu aliyepigania ijengwe. Ndani yake watu watatu, rubani mmoja na watafiti wawili, magoti yanagusana. Tufe lake la kwanza lilikuwa la aina ya chuma cha jeshi la majini kiitwacho HY-100, na ruhusa yake ilikuwa mita 1,829, basi. Kiwango hicho kilitosha kuipa sifa. Mwaka 1966 iliitafuta na kuipata bomu ya haidrojeni iliyoanguka baharini karibu na Palomares, Hispania, baada ya ndege mbili kugongana. Mwaka 1967 ilipigwa na samaki upanga aliyenasa katikati ya maungio yake, wakapanda naye juu, jioni wakamla.

Halafu ikazama. Tarehe 16 Oktoba 1968 kamba za kuiteremsha zilikatika, maji yakaingia mlangoni ambao ulikuwa bado wazi. Watatu waliokuwemo waliruka nje wakapona. Chombo kikaenda chini, kina cha mita 1,500 na kitu, kikakaa huko karibu mwaka mzima. Kilipoinuliwa mwaka 1969 walikuta chakula cha mchana cha wale mabwana: mikate yenye nyama na matofaa, vimelowa chumvi lakini bado vinalika. Watu waliandika sana juu ya mkate ule, mpaka baiolojia ikapata somo jipya kuhusu jinsi vitu vinavyooza polepole chini ya bahari.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana kuna mgeni wa pembeni. Chombo kilichosaidia kuifunga Alvin kamba kule chini kiliitwa Aluminaut, na mwili wake ulikuwa wa aluminiamu. Nilipomweleza mjomba alicheka. "Aluminiamu nene hivyo waliishonaje?" Hawakuishona. Walichukua pete nene za aluminiamu wakaziunga kwa bolti, moja baada ya nyingine. Wazo la kutafuta madini mepesi, kumbe, lilikuwa hewani siku zote.

Sasa tufike kwenye titaniamu.

Mwaka 1791, huko Cornwall, Uingereza, kasisi mmoja aitwaye William Gregor, mpenzi wa kemia, alichota mchanga mweusi kando ya kijito cha kijiji cha Manaccan. Sumaku iliuvuta. Alipoupima akakuta ndani yake kitu ambacho hakikuwa katika orodha ya vitu vinavyojulikana. Miaka minne baadaye Mjerumani Martin Klaproth alikipata kitu kile kile katika jiwe jingine, akakiita titaniamu, kutokana na Matitani, yale majitu ya hadithi za Wagiriki. Jina kubwa kwa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukishika mkononi. Titaniamu inaipenda oksijeni kupita kiasi. Ukiichoma kutoka kwenye mawe inaing'ang'ania hewa na kuharibika. Hadi 1910 ndipo Matthew Hunter alipopata kiasi kidogo kilicho safi, na hadi miaka ya 1930 ndipo Wilhelm Kroll wa Luxembourg alipogundua njia ya kuipata kwa wingi kwa kutumia magnesiamu, ndani ya chombo kisicho na hewa. Kutoka mchanga wa Gregor hadi kiwanda: karibu miaka 150.

Ule mchanga mweusi, sisi wa pwani tunaujua. Kwale, sehemu za Maumba na Nguluku, kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mwaka 2013 ikafunga Desemba 2024, na miaka yote hiyo mzigo ulipitia Likoni, upande ule ule wa kibanda cha mjomba. Nilipoanza utafiti huu nilijidanganya kwamba pengine kipande cha Kwale kimeshuka chini ya bahari. Nikapata jibu la kuvunja moyo: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za madini ya titaniamu duniani haziwi chuma kamwe. Husagwa zikawa unga mweupe wa rangi ya nyumba, wa karatasi, hata wa dawa ya meno. Yule jitu wa Kigiriki, mara nyingi, anaishia ukutani sebuleni.

Lakini kile kidogo kinachobaki, wee! Jeshi la majini la Marekani, baada ya nyambizi yao Thresher kuzama tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129, lilianza kutafuta kwa bidii vyuma vya kwenda kina kirefu. Aloi moja ya titaniamu, iliyochanganywa na aluminiamu, niobiamu, tantalamu na molibdenamu kidogo, ilitengenezwa makusudi kwa kazi ya baharini. Mwaka 1973 Alvin ikavuliwa tufe lake la chuma, ikavishwa la titaniamu.

Hapa ndipo nilipotaka kumshinda mjomba. Nikamwambia, "Titaniamu ni ngumu kuliko chuma." Nikaenda kuhakikisha, nikakuta nimekosea! Aloi ile ilikuwa na nguvu karibu sawa na HY-100. Ukikata vipande viwili vya unene mmoja ukavivuta au kuvibana, vinakubali kuharibika karibu kwenye mzigo ule ule. Sasa faida iko wapi? Nilikaa na daftari la hesabu usiku mzima, na nakuomba uikague hesabu yangu.

Tufe la titaniamu la Alvin lilikuwa na kipenyo cha mita 2.08 kwa nje, ukuta wa milimita 49. Ukisahau mlango na madirisha, chuma kilichomo ni kama theluthi mbili kasoro ya mita moja ya ujazo. Likiwa la titaniamu, uzito wake ni tani 2.8 hivi. Likiwa la chuma cha kawaida, unene ule ule, ni tani 5. Na maji ya bahari ambayo tufe lile linayasukuma kando yana uzito wa tani 4.8 na kidogo. Umeona? Tufe la chuma linazama lenyewe, hata kabla ya kumweka mtu ndani. La titaniamu linaelea, tena lina tani mbili za ziada mkononi. Tani mbili hizo ni watu watatu, ni betri, ni mikono ya chuma ya kuokota mawe, ni kamera, ni hewa ya kupumua. Zile lita 85,000 za petroli za Trieste, kazi yake kubwa ilikuwa kulipa deni la uzito wa tufe. Titaniamu haikopi.

Nilipomwonyesha mjomba daftari alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo si ugumu. Ni wepesi." Nikamwambia ndiyo. Nguvu kwa kila kilo. Nikafuta ule mstari wa sura ya nne kwa kalamu nyekundu.

Wepesi huo ulinunua nini? Ruhusa ya Alvin iliruka kutoka mita 1,829 hadi mita 3,658, na baadaye zaidi. Kwenye karatasi ni namba. Lakini tazama ramani. Sehemu kubwa ya milima ya chini ya bahari, pale ardhi inapopasuka na kuzaliwa upya, iko kina cha mita elfu mbili na mia tano au zaidi. Alvin ya chuma ilikuwa kama mtoto aliyesimama nje ya uzio, anaona paa tu. Mwaka 1974 iliingia ndani ya uzio kwa mara ya kwanza, katikati ya Atlantiki, ikifanya kazi pamoja na vyombo vya Wafaransa.

Kisha Februari 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500. Wanajiolojia walikuwa wanatafuta chemchemi za maji moto. Hawakubeba mwanabaiolojia hata mmoja, kwa nini wambebe? Kule hakuna jua, hakuna majani, kila mtu alijua hakuna uhai wa maana. Jack Corliss akiwa ndani ya tufe akauliza kwa simu ya majini, kama si kweli kwamba bahari ya kina inatakiwa kuwa kama jangwa. Wakamjibu ndiyo. Akasema mbona huku kumejaa wanyama. Chaza wakubwa, kaa weupe, na minyoo mirefu ndani ya mirija, vichwa vyekundu kama midomo iliyopakwa rangi, wote wakiishi kwa bakteria wanaokula kemikali za kutoka ardhini badala ya mwanga wa jua. Hawakuwa na dawa ya kutosha ya kuhifadhi viumbe, wakatumia vodka ya Kirusi waliyonunua Panama. Ndivyo somo kubwa kuliko yote ya bahari katika karne ile lilivyoanza, ndani ya chupa za pombe. Na lilikuwa limelala mita mia saba chini ya mahali ambapo tufe la zamani lingelazimika kusimama.

Mwaka 1979, karibu na Mexico, waliona chemchemi zinazotema maji meusi kama bomba la moshi la lori bovu. Rubani aliingiza kipima joto, kikayeyuka. Baadaye wakajua maji yale yalikuwa na joto la digrii 350 hivi. Madirisha ya Alvin yalikuwa ya akriliki, aina ya plastiki inayolainika kabla hata ya joto la maji yanayochemka. Titaniamu isingejali. Dirisha lingejali sana. Tangu siku ile marubani wanajua kupaki mbali na zile bomba.

Na madirisha yenyewe ni kazi ya akili. Yana umbo la koni iliyokatwa ncha, upana kwa nje, wembamba kwa ndani, yamekaa kama kizibo. Kadiri bahari inavyosukuma ndivyo kizibo kinavyojibana. Adui ndiye anayefunga mlango.

Wengine wakafuata. Wafaransa na Nautile yao ya titaniamu mwaka 1984, hadi mita 6,000. Wajapani na Shinkai 6500, ambayo Agosti 1989 ilifika mita 6,527. Ukuta wake ulikuwa milimita 73.5, na mviringo wake ulichongwa kwa usahihi ambao kosa lake halizidi nusu milimita. Nusu milimita, ndugu yangu, juu ya tufe refu kuliko mtu! Wasovieti nao, waliokuwa mabingwa wa titaniamu kiasi cha kujengea nyambizi za vita, kwa vyombo vyao viwili vya utafiti, Mir, vilivyojengwa Finland mwaka 1987, walichagua chuma maalumu chenye nikeli. Vilifanya kazi vizuri sana. Nalitaja hili ili nisionekane mtumishi wa titaniamu. Hata James Cameron, mtu wa sinema, aliposhuka peke yake Challenger Deep Machi 2012 alijikunja ndani ya tufe la chuma. Lakini la kwake lilikuwa la mtu mmoja. Ukitaka watatu, na ukitaka kurudi tena wiki ijayo, unarudi kwenye titaniamu. Wachina waliposhusha watu watatu hadi mita 10,909 Novemba 2020, katika Fendouzhe, ilibidi wabuni aloi mpya ya titaniamu kwanza.

Sasa mshono. Mjomba hakuusahau, kila nikipita ananiuliza.

Titaniamu ikiwa ya moto inanyonya hewa, na ikinyonya hewa inakuwa kama biskuti: ngumu, inavunjika. Kwa hiyo huwezi kuichomelea pale nje chini ya mwembe. Inachomelewa ndani ya gesi ya agoni, au mahali ambapo hewa imenyonywa yote, kwa mwale wa elektroni unaopenya unene mzima kwa mkupuo mmoja. Tufe jipya la Alvin lilitengenezwa hivyo: vipande viwili vikubwa vya titaniamu vikafinyangwa viwe vibakuli, vikachongwa, vikaunganishwa kwa mwale. Mjomba alitaka nirudie sehemu ya mwale mara tatu. Wengine wamekwepa mshono kabisa. Tufe la Limiting Factor, lililofika chini kabisa mwaka 2019, lina ukuta wa milimita 90 na vibakuli vyake vilichongwa vikakaliana uso kwa uso, bahari yenyewe ikivibana.

Halafu kuna uchovu. Chuma chochote kikibanwa na kuachiwa, kikabanwa na kuachiwa, kinakumbuka. Titaniamu ina tabia yake ya ziada: ukiiacha chini ya mzigo mkubwa kwa muda, hata ikiwa baridi, inajinyoosha polepole sana, kimyakimya. Kwa hiyo mbizi zinahesabiwa. Alvin hufunguliwa yote kila baada ya miaka michache, hadi tufe tupu, likakaguliwa kila sehemu. Lile jipya liliwekwa ndani ya tangi la majaribio huko Texas mwaka 2012, likabanwa kwa mgandamizo wa mita 8,000, ingawa kazi yake ni mita 6,500. Ruhusa ya kwenda mita hizo 6,500 ilipatikana mwaka 2022. Miaka kumi ya kusubiri! Alvin imepiga mbizi zaidi ya 5,000 na hakuna aliyefia ndani yake. Nilipoziona namba hizo nilidhani historia yangu imekwisha, na ningeishia hapo kwa furaha.

Lakini kuna Juni 2023, na kila mtu anaikumbuka. Chombo kiitwacho Titan kilikuwa kinapeleka watu kuangalia meli ya Titanic, mita 3,800 chini. Mwenye kampuni, Stockton Rush, alitaka nafasi ya watu watano, na tufe la watu watano ni kubwa, zito, ghali. Akachukua umbo la pipa. Pipa lenyewe likawa la nyuzi za kaboni zilizozungushwa na kugandishwa, unene wa sentimita 12.7, ule ule wa tufe la Trieste, sadfa tu. Kila mwisho wa pipa pete ya titaniamu iligandishwa kwa gundi, na kwenye pete kikafungwa kibakuli cha titaniamu.

Wepesi alioutafuta ni ule ule niliousifu kurasa mbili zilizopita. Nyuzi za kaboni ni nyepesi hata kuliko titaniamu, na ukizivuta zina nguvu ya ajabu. Bahari haivuti, inabana. Na chombo hakikupelekwa kwa wakaguzi wa nje kupewa cheti. Mwaka 2018 mfanyakazi wake, David Lochridge, aliandika ripoti ya kuonya akafukuzwa. Mwaka huo huo wataalamu wengi wa fani hiyo waliandaa barua ya wasiwasi. Julai 2022, kwenye mbizi ya 80, waliokuwemo walisikia mlio mkubwa. Beebe na Barton waliposhuku dirisha walishusha tufe tupu kwanza. Titan iliendelea kubeba watu.

Tarehe 18 Juni 2023 ilishuka na watano. Mmoja alikuwa Suleman Dawood, kijana wa miaka 19, mdogo kuliko mimi ninayeandika. Mwingine alikuwa Paul-Henri Nargeolet, Mfaransa, ambaye mwaka 1987 aliongoza safari za Nautile, tufe la titaniamu, kwenda kwenye meli ile ile. Huyu alijua. Nimejaribu mara nyingi kuandika ukurasa mmoja wa riwaya juu ya mtu anayejua, aliyekaa ndani ya tufe zuri nusu ya maisha yake, na asubuhi moja anapanda kitu kingine. Siuwezi. Kabla ya saa mbili kutimia mawasiliano yalikatika. Pipa lilipondeka kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani, ya Agosti 2025, ilisema ajali ile ingeweza kuzuiwa.

Tarehe 28 Juni 2023 mabaki yalishushwa bandarini St. John's, Kanada. Kuna picha yake, nimeikata gazetini. Kibakuli cha mbele cha titaniamu kinaning'inia kwenye winchi, kamba imepitishwa kwenye tundu ambamo dirisha lilikuwamo. Kizima. Hakijapinda.

Niliipeleka picha kibandani. Mjomba alivua miwani yake myeusi ya kazi, akaishika karatasi kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kile kibakuli, pale pipa lilipoanzia.

"Hapa walishonaje?"

"Hapo walitia gundi, mjomba."

Akanirudishia picha, akavaa miwani, akarudi kwenye geti la mteja.